Kodi ya Mpwa

Nianze na koti, maana ndilo lililoniuma zaidi. Koti la sufu, jipya, rangi ya zabibu, nililolinunua kwa malipo ya mapazia ya ukumbi mzima wa harusi, na kibandiko cha bei kilikuwa bado kinaning'inia kwenye mkono wake. Natoka jikoni na birika la chai, namkuta mama mkwe wangu, Bibisara, anamvisha koti hilo mwanamke ambaye nilimjua kwa muda wa kikombe kimoja tu. Mwanamke mwenyewe alikuja na mumewe kuangalia nyumba yetu, kama wataipenda waipange.

"Hawa ni wakwe zetu," mama akaniambia, huku akimfunga vifungo. "Huyu anatoka kijiji kimoja na shemeji yako wa Semey. Hawezi kutoka hapa mikono mitupu."

"Mama, amekuja kupanga nyumba."

"Ndiyo maana nimempa koti. Angekuja kwa harusi ningempa zulia."

Yule mwanamke alikataa mara ya kwanza, kama adabu inavyotaka. Akakataa na mara ya pili. Kisha akajitazama kwenye kioo cha mlangoni, akamwombea mama maisha marefu, na akashuka ngazi na koti langu. Hawakupiga simu tena. Wangepigaje? Mtu ukishamvisha kama mkwe, hawezi kurudi kesho yake kukuuliza kama kodi inapungua.

Mume wangu, Tolegen, alikuwa amekaa pale pale, anakula. Nilipomtazama akainamia bakuli lake.

"Na wewe ulikuwa unaangalia tu?"

"Nilidhani mmekubaliana," akasema.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lilinichoma hivyo, msije mkaniona mchoyo wa nguo. Tulikuwa tunaishi Almaty mjini, sisi na mama na watoto wetu, ghorofa ya tano, juu kabisa, katika yale majengo ya zamani yasiyo na lifti. Na Tolegen ni fundi wa lifti. Kutwa kucha anawapandisha na kuwashusha watu wa mjini, mama yake mzazi amekwama juu. Magoti ya mama yalikuwa yamemchoka. Tangu majani ya vuli yaanguke hajashuka. Wenzake, vikongwe wa jengo letu, hukaa kwenye benchi kule chini hata theluji ikiwepo, wamejifunga mashali, na yeye hukaa dirishani jikoni na simu sikioni. Wanazungumza kwa simu huku wanatazamana. "Geuka nikuone hilo shali," anamwambia mmoja, na yule kule chini anasimama na kugeuka.

Mimi nilikuwa nikiyaona hayo nacheka, halafu naingia chumbani kwangu kwenye cherehani, kicheko kinaisha. Nampenda mama yule. Ana mdomo, ana amri, ameniendesha tangu siku niliyoingia na kilemba cha bibi harusi, lakini nampenda, na sikutaka aje ashushwe kule chini siku moja tu, ile ya mwisho.

Ndipo tukapata nyumba ya Mzee Orazbek, kule Talgar, chini ya milima. Nyumba ya chini, mlango unafungukia uani moja kwa moja. Kuna mitufaha miwili, banda la kuku, na bomba la maji la nje. Orazbek ni mjane, binti yake wa Aktobe alikuwa anamwita akaishi naye. Nilimpelekea mama picha kwenye simu. Mitufaha hakuitazama. Aliivuta picha ya mlango kwa vidole mpaka ikajaa kioo kizima.

"Hapa pana ngazi?"

"Kidato kimoja tu, mama."

"Kifupi?"

"Kifupi. Hata kuku anakiruka."

Jioni ile nilimsikia akiwapigia wa kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, anawaambia kuhusu hicho kidato.

Hesabu yetu ilikuwa nyepesi. Hii ya ghorofani hatuiuzi, kwa sababu marehemu baba mkwe aliipata kwa jasho la kiwandani na Tolegen alisema akiiuza ataota ndoto mbaya. Tutaipangisha. Kodi itatusaidia kulipa mkopo wa ile mpya, maana mishahara yetu peke yake haikufika. Dada wa benki alituambia waziwazi: leteni mkataba wa upangaji wenye sahihi ya mpangaji, nitauhesabu kama kipato. Bila huo, msinisumbue. Orazbek naye akasema atatusubiri mpaka Ijumaa, kwani kuna mfanyabiashara wa mjini aliyekuja na fedha taslimu, na binti yake kule Aktobe amechoka kungoja.

Mpangaji tu, basi. Na mji huu umejaa watu wanaotafuta nyumba.

Wa kwanza alikuwa mhandisi mmoja, mtu safi, viatu vyake alivipanga mlangoni pua nje. Alipenda jiko, alipenda dirisha, alikubali bei bila kukunja uso. Nikaenda kuleta kalamu. Niliporudi mama alikuwa ameshamketisha mahali pa heshima na ameshamuuliza swali lile ambalo kila mzee wa kwetu humuuliza kila kijana: wewe ni wa watu gani? Ukoo gani, babu yako nani, baba wa babu yako nani. Wakafika babu wa tano, wakagongana. Ikawa furaha, ikawa kukumbatiana, Tolegen akatumwa dukani kuchukua nyama ya farasi. Mgeni akala, akashiba, akaaga kwa machozi, na kesho yake akanipigia simu.

"Dada Raushan, nisamehe. Siwezi kupanga kwenu."

"Kwa nini? Si uliipenda?"

"Naipenda. Lakini bomba likivuja nitamwambiaje ndugu yangu kwamba bomba lake linavuja? Na mwezi nikichelewesha kodi, nitamtazamaje usoni? Mimi natafuta mtu baki, dada. Mtu nitakayeweza kugombana naye."

Alisema kweli tupu.

Baada ya mhandisi ndipo likaja koti. Na baada ya koti nikaweka sheria. Nilimwita mama na mwanawe mezani kama watoto wa shule. Nikasema: mgeni akija, mama unabaki chumbani kwako. Hutoki. Na ukoo hauulizwi, wala na wewe mama, wala na wewe Tolegen, wala kwa kuzungukazunguka.

"Nisimuulize mtu yeye ni nani?" mama akashangaa. "Basi nimuulize nini, bei ya soksi?"

"Usimuulize chochote."

"Atadhani hapa ni kituo cha polisi."

"Polisi ndio wanaouliza, mama."

Tolegen akacheka, nikamkata jicho, akanyamaza. Mama akaapa. Aliapa kwa kununa, lakini aliapa.

Basi Alhamisi, siku moja kabla ya siku ya Orazbek, akapiga simu msichana aitwaye Kamshat. Anafanya kazi maabara ya kupima damu, hajaolewa, hana paka, havuti sigara. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua anachotaka. Nikaona huyu nisimpoteze. Nikamwambia ukweli.

"Mdogo wangu, nakuomba jambo moja la ajabu. Kuna mzee nyumbani. Ikitokea akakuuliza ukoo wako, sema hujui."

"Dada, kuna Mkazakhi asiyejua ukoo wake?"

"Yupo. Wewe hapo."

Akacheka. "Sawa. Tena hiyo inanifaa kuliko unavyodhani."

Alikuja jioni, jua halijatua, mashavu mekundu kwa baridi na kwa zile ngazi. Nilimtembeza. Aliangalia jiko, akafungua bomba, akafunga, akauliza jirani wa ukutani ni mtu wa namna gani. Maswali ya mpangaji hasa, moyo wangu ukatulia. Nikamwambia bei, akasema sawa. Nikauweka mkataba mezani, nikampa kalamu. Tolegen alikuwa amekaa kona ile, mdomo ameufunga kama nilivyomwagiza. Kamshat akaanza kusoma ukurasa wa kwanza.

Mlango wa chumba cha mama ukafunguka.

Alitoka na sinia la maandazi yetu ya baursaki, ya moto, mvuke unapanda. Nilikuwa nimesikia harufu tangu mapema nikajidanganya kwamba ni ya jirani. Kumbe alipika nilipokwenda kumpokea mgeni kule chini, na magoti yake yale, akayaficha chumbani chini ya taulo.

"Mama," nikasema.

"Uliniambia nisiulize. Hukuniambia nisipike. Mgeni hatoki nyumba hii bila kuonja mkate." Akaketi mbele ya Kamshat, akamsogezea sinia. "Kula, mwanangu. Mimi siulizi kitu."

Na kweli hakuuliza. Alimtazama tu. Alimtazama nywele, akamtazama mifupa ya mashavu, akamtazama vidole vinavyoshika andazi. Chai ikamiminwa, ikanywewa. Mwisho uvumilivu ukamshinda.

"Huko kwenu mwaka huu baridi ilikuwa kali?"

"Kwetu wapi, bibi?"

"Huko huko."

"Mama," nikasema tena.

"Naongea habari za hewa, Raushan. Hata hewa umeipiga marufuku?" Akamgeukia tena. "Na farasi waliivuka salama? Au watu wa kwenu ni watu wa kondoo zaidi? Au ni wale wa kule kwenye samaki?"

Masikini Kamshat akanitazama, akakumbuka ahadi yake, akaona hapa ndipo pa kuitimiza. Akaweka andazi chini na kusema, kwa sauti ya wazi kabisa, "Bibi, mimi sijui ukoo wangu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba akili yangu yote nimeitumia kujichimbia shimo. Nilifikiri mama akisikia hivyo atakosa pa kushika, ataacha. Sikufikiri mtu wa rika lake anasikia nini anapoambiwa neno lile. Kwetu asiyejua babu zake saba ni yatima tu, maana majina yao mtoto hufundishwa na baba yake.

"Hujui?"

"Sijui."

"Hata babu zako saba? Hata mmoja?"

Kamshat akanitazama tena. "Hata mmoja."

Mama akaweka kikombe, macho yamejaa maji. "Tolegen," akasema polepole. "Huyu mtoto hana watu. Mungu wangu. Yuko peke yake duniani, na sisi tunamwekea makaratasi mbele yake." Akanyoosha mkono, akamshika Kamshat shavu. "Yatima halipi kodi katika nyumba ya mume wangu. Atakaa bure, mpaka tumwoze."

"Bibi, mimi si yatima," Kamshat akasema.

"Usione aibu, mwanangu."

"Sioni aibu. Baba yangu yupo, ni mzima. Ni daktari wa mifugo."

"Baba gani huyo, asiyemfundisha mtoto babu zake? Hata mlevi hukumbuka kumfundisha mtoto babu zake."

Mimi nilimwona msichana yule anavyobadilika rangi. Kuna mambo mtu anaweza kuyanyamazia kwa ajili ya nyumba nzuri yenye dirisha la kusini, na kuna mambo hawezi. Baba yake kutukanwa hakuweza. Alinyoosha mgongo, akavuta pumzi, na babu zake saba wakatoka kinywani mwake mmoja baada ya mwingine bila kituo, sauti inapanda, mpaka wa saba, na ukoo, na tawi la ukoo, na mto wanakonywesha mifugo.

"Ndivyo alivyonifundisha baba yangu," akamalizia. "Nikiwa sijaanza shule."

Mama alijifuta macho, uso mzima umenawiri. Nilijipa moyo: ukoo wa baba yake ulikuwa wa mbali nasi kabisa, upande mwingine wa nchi. Nikasogeza mkataba karibu. Lakini mama akauliza, kwa upole mno, kama anayeuliza kama chai ina sukari ya kutosha, "Na mama yako je, kipenzi?"

"Mama ni Mjalairi," Kamshat akajibu kabla hajafikiri. "Wa bonde la Karatal."

Tolegen akaacha kutafuna. Sisi ndio Wajalairi wa bonde la Karatal.

"Mpwa," akasema mume wangu. Neno la kwanza alilolitamka jioni ile, na ndilo hilo.

Ndugu wa kawaida ni afadhali. Ndugu mnaweza kupatana, mkakosana, mkapatana. Lakini mpwa, mtoto wa binti wa ukoo wenu, ni mtu mwingine kabisa. Kwa wajomba zake ni kama mfalme mdogo. Hapigwi, hakaripiwi, na akiomba kitu hanyimwi, awe ameomba mbwa wa kuwindia au farasi aliyetandikwa. Mjomba anayemnyima mpwa, mikono itamtetemeka uzeeni, ndivyo tunavyoambiwa. Sasa mjomba anayemtoza mpwa kodi atatetemeka nini, hata sijui.

Tolegen akaukunja mkataba taratibu, akauweka juu ya redio.

"Raushan," akasema bila kunitazama, "mpwa hatozwi kodi."

Jamani, nililia. Sikujificha wala sikwenda chumbani. Nilikaa pale pale na taulo la sahani mkononi nikalia kwa hasira, mgeni ananiona.

"Kesho ni Ijumaa," nikamwambia mama. "Sina mwingine wa kumleta kesho. Unajua unachokitoa? Si kodi hii. Ni kile kidato chako. Unagawa mlango wako mwenyewe."

"Najua," mama akasema.

"Utakaa tena dirishani."

"Najua, mkaza mwana. Nilijua tangu kwenye koti." Alisema bila ukali. Mikono yake ilikuwa inalikunjakunja lile taulo lililofunikia maandazi. "Mimi nataka kushuka kuliko unavyonitakia. Nikifumba macho naliona lile banda la kuku. Lakini nikishuka kwa fedha ya mpwa, nitakaa pale uani nimwambie nini mtu? Nimechelewa kujifunza kuwa mtu mwingine."

Hasira yangu ikakosa pa kwenda. Nilimtazama bibi yule, mkaidi, magoti yamevimba, anaikataa nyumba anayoiota, na sikujua nimkumbatie au nimpige na taulo.

Nilidhani Kamshat anatafuta namna ya kuaga. Akasema, "Bibi. Mpwa akiomba, hanyimwi?"

"Hanyimwi."

"Kitu chochote?"

Tolegen akatazama funguo za gari lake juu ya meza, akazifunika kwa kiganja.

"Chochote," mama akasema. "Omba."

"Naomba nilipe kodi."

"Hilo si ombi, mwanangu. Mtu haombi hasara."

"Langu ndilo hilo." Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Bibi, nina miaka mitatu naishi kwa kaka wa baba yangu. Sijalipa hata chumvi. Wananipenda, sisemi vibaya, wananipenda sana. Nikichelewa kazini, narudi nakuta meza nzima inaningoja, chakula kimepoa, wananitazama. Nikinunua viatu mkewe anataka kujua bei. Nikifunga mlango wa chumba, mtu anagonga kuuliza kama naumwa. Jumapili iliyopita wamemleta kijana wa kunichumbia, sikuambiwa, nimetoka bafuni na taulo kichwani namkuta sebuleni anakula. Na siwezi kusema neno, bibi, kwa sababu sijalipa. Mtu asiyelipa anasema nini?"

Mama akalisogeza sinia pembeni.

"Natafuta nyumba ya watu baki mji mzima," akaendelea. "Kila ninapoingia wananiuliza mimi ni wa watu gani. Nataka mlango nitakaoulipia. Halafu niufunge. Niufunge tu, nikae ndani, hata kama sifanyi kitu. Wewe umesema hunyimi. Basi usininyime hilo."

Mama akanigeukia mimi.

"Raushan. Na wewe umeishi na mimi hivyo hivyo?"

Swali gani hilo, mbele ya mgeni. Ningeweza kusema la, mama, hata kidogo, na angefurahi, na ingekuwa adabu. Lakini nilikuwa nimeshalia, na mtu akishalia uongo unamwia mzito.

"Wakati mwingine, mama."

"Hukuniambia."

"Nyumba ilikuwa yako."

Akatikisa kichwa polepole. Sikujua kama ameumia au amecheka, midomo ilikuwa inafanya yote mawili. Tolegen alikuwa ametazama dari, mtu mzima, fundi wa lifti, anaomba moyoni wanawake hawa wasimwulize na yeye. Mama akajiinua kwa kuegemea meza, akaufikia ule mkataba juu ya redio, akaukunjua, akaulainisha kwa kiganja mbele ya Kamshat.

"Lipa," akasema. "Ulipe yote. Na huyu mjomba wako akikupunguzia hata kidogo, kwa sababu namjua, uniambie mimi."

Kamshat akatia sahihi. Mama akamlazimisha kula maandazi mengine mawili kwanza, akisema sahihi ameitia lakini hajaanza kukaa, kwa hiyo bado anaweza kulazimishwa.

Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni pa benki kabla hawajafungua. Yule dada aliupokea mkataba, akausoma, akagonga mhuri. Orazbek akanywa chai na sisi, akamwonyesha Tolegen jinsi ya kulidanganya lile bomba la nje lisigande, na akampigia simu binti yake akamwambia anakuja. Yule mfanyabiashara mwenye fedha taslimu akanunua kwingine. Nilishona mapazia ya nyumba mpya kwa haraka mpaka sindano ikanitoboa kidole, sikuhisi.

Tulihama siku chache kabla ya Nauruzi, mwaka mpya wetu wa machipuo, theluji imeanza kuwa tope. Fanicha zilikwenda kwanza, watoto wakaenda na fanicha, mama akabaki wa mwisho. Tolegen akachuchumaa, mama akampanda mgongoni, na shali lake zuri amejifunga kana kwamba anakwenda harusini. Tulipotoka mlangoni, Kamshat alikuwa ndiyo kwanza anafika juu na sanduku lake, anahema. Nilimpa funguo mkononi.

Mama alimtazama kutoka mgongoni mwa mwanawe. "Nikitaka kuja kukuona nifanyeje?"

"Utapiga simu kwanza, bibi," Kamshat akasema. Alisema kwa heshima, lakini alisema.

"Na kama hutaki?"

"Nitakuambia njoo siku nyingine."

Tolegen akakohoa. Mama akamgonga begani atulie.

"Haya. Hiyo ni kwako, umelipia. Sasa nisikilize ya kwangu. Wewe ukitaka kuja kwangu kule Talgar, usipige simu. Njoo asubuhi, njoo usiku, njoo umenuna, njoo na taulo kichwani. Hakuna atakayekuuliza. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

Akambariki kwa viganja viwili, nusura adondoke, na Tolegen akaanza kushuka. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba mto wake na birika la chai. Hatujafika hata ghorofa ya nne tukasikia mlango wa juu unafungwa. Halafu ufunguo ukazunguka. Ukazunguka tena ukafungua, kukawa kimya kidogo, ukafunga tena. Mchana kweupe, na jengo zima la watu wanaojuana.

Tolegen alisimama, akageuza shingo. "Kuna nini? Kufuli limekwama? Nirudi nikamwangalie?"

"Mwache," mama akasema, na alikuwa anacheka mpaka mgongo wa mwanawe unatikisika. "Shuka wewe, mimi nina safari."